Oili Chini ya Lori la Karrabindie

Wewe uliliona. Usinitolee macho. Jumamosi ile ya kuchoma soseji kuchangia paa la klabu ya kriketi, uliegesha gari lako hatua nne kutoka mlango wa banda la zimamoto, ukashuka, ukaliona dimbwi jeusi chini ya lori, ukainua mguu kwa adabu kubwa usije ukachafua kiatu, ukaenda kupanga foleni ya soseji na kitunguu. Mimi nilikuwa pale pale kwenye kiti cha turubai, nikiwaangalia. Watu thelathini na wanane waliruka dimbwi lile kabla ya saa sita, na aliyefungua mdomo ni mmoja tu, kabinti ka miaka minne, kaliuliza kama lori limejikojolea. Mama yake akakaambia kanyamaze.

Basi ngoja nikueleze kilichofuata, maana wengi wenu mna tabia ya kuyasikia mambo ya Karrabindie yakishakwisha.

Lori letu lina miaka thelathini na minne. Limebeba tenki la lita elfu mbili, pampu yake bado ina hasira, na kila aliyewahi kuliendesha ametoa utani ule ule mmoja: "Likiacha kuvuja, ujue limeishiwa." Akishacheka peke yake anamimina lita ya oili, anatia alama daftarini, anakwenda baa. Miaka tisa tumeishi kwa utani huo. Kuna ndoa hapa kijijini hazikudumu hivyo.

Mwezi wa kumi ikaja barua. Wilaya, ambayo barua zangu arobaini na moja hazikuwahi kuipa hamu ya kujibu, ghafla ilikuwa imejifunza kuandika. Ilisema kwamba oili inayodondokea ekzosi ya moto ni hatari ya moto, jambo ambalo watu wa zimamoto, bila shaka, tulihitaji kuelezwa. Ikasema mkaguzi atakuja Ijumaa ya tarehe kumi na nne Novemba. Akilikuta lori linavuja litaondolewa, na "huduma itatolewa kutoka mjini".

Huduma kutoka mjini ni dakika hamsini na tano, kama hujakutana na trekta njiani.

Elspeth Heinicke na mumewe Clem wanakaa mwisho wa Barabara ya Maghala, na ngano imewazunguka pande tatu. Clem mapafu yake yameliwa na vumbi la nafaka. Analala kando ya mashine ya oksijeni, na Elspeth akiwa peke yake, kumtoa kitandani hadi kwenye gari ni robo saa nzima, kama siku hiyo Clem ana nguvu. Desemba iliyopita mashine ya kuvunia ya jirani yao iligonga jiwe, cheche ikaruka, ngano ikashika. Lori letu lilifika kwa dakika kumi na moja. Lilifika linavuja, linakohoa, limeacha alama njia nzima kama konokono, lakini lilifika. Moto uliishia mita mia mbili kutoka dirisha la Clem. Sasa chukua kumi na moja, chukua hamsini na tano, ukae nazo mwenyewe.

Kapteni wetu wa kujitolea ni Kelvin Pfitzner, mkulima wa ngano, mtu mwema, kichwa kigumu kama kwato. Kelvin alishabadilisha gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mara mbili. Alishabadilisha na sili ya nyuma ya injini, ule mpira wa kuzuia oili, kazi ambayo inakulazimu kushusha giaboksi zima, na ilimla wikendi tatu na mgongo wake wote. Kila mara lori lilikauka wiki mbili, likaanza tena.

Barua ilipofika, Kelvin akaitisha mkutano wa kijiji kizima. Tulihudhuria watatu: yeye, mimi, na Elspeth aliyeleta keki zake za nazi. Ninyi wengine mlikuwa na shughuli.

"Msihangaike," Kelvin akasema. "Alhamisi tunaliosha, kama siku zote. Mafuta ya taa, maji ya moto ya presha, rangi ya fedha kwenye sampu. Ijumaa asubuhi linang'aa kama sinia la harusi. Mkaguzi anawasha dakika tano, anachungulia, anatia alama, anakula keki, kwaheri."

Hiyo ndiyo mila yetu. Nasema mila kwa sababu tumeitunza vizuri kuliko tunavyotunza makaburi ya wazee wetu. Kila mwaka, siku moja kabla ya ukaguzi, tunaiosha injini mpaka uvujaji wote haujulikani ulianzia wapi, kisha mwaka mzima tunalalamika kwamba hatujui uvujaji unaanzia wapi. Daktari anakuja kumwona mgonjwa, na sisi ndugu zake tumeshamfuta jasho, tumempaka poda, tumemkalisha. Anaendeleaje? Mzima kabisa, daktari, karibu keki.

"Safari hii haliwashi dakika tano tu," nikamwambia. "Analiendesha mpaka maghalani na kurudi. Kilomita ishirini. Soma ukurasa wa pili."

"Kuna ukurasa wa pili?"

"Kelvin."

Akaigeuza barua. Akasoma huku midomo ikicheza. Kisha akaiweka mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Basi tumekwisha," akasema. "Sili ya nyuma imekufa tena. Na mimi giaboksi lile silishushi tena, Verna. Mgongo huu sikuukodi, ni wangu."

"Nani kakwambia ni sili ya nyuma?"

"Si oili inadondokea nyuma!"

"Na paa likivuja maji yanadondokea sakafuni. Umeshawahi kwenda kuziba sakafu?"

"Tangu lini umekuwa fundi wewe?"

"Tangu fundi wetu aondoke mwaka tisini na saba, mkamuaga kwa bia, pasiwe na hata mmoja wa kuuliza nani anakuja badala yake. Pampu ya kisima changu haikujua kwamba mimi si fundi. Ilitengenezeka tu."

Elspeth alikuwa anasukuma makombo mezani kwa kidole. Akasema, "Mkimaliza kutukanana mniambie lini tunaanza."

Tulianza Jumamosi, siku sita kabla ya mkaguzi. Tuliiosha injini sawasawa na mila, ila safari hii tuliiosha ili tuone badala ya kuficha. Tukaipuliza kwa kompresa mpaka kwenye mikunjo. Halafu nikamwomba Kelvin ile poda ya miguu iliyo kwenye mkoba wake wa kriketi.

"Poda yangu?"

"Injini ina fangasi."

Elspeth ndiye aliyeipaka. Alikuwa akimimina kiganjani na kupuliza, taratibu, kila upande, mpaka injini ikawa nyeupe kama keki ambayo haijaokwa na Kelvin akawa mweupe kuliko injini. Ni kazi rahisi hiyo, haihitaji cheti: palipo pakavu poda inabaki, palipo na oili poda inalowa na kuchora mstari, na mstari una mwanzo. Unachotakiwa ni kuangalia juu kabla ya kuangalia chini. Miaka tisa kila mwanamume wa kijiji hiki aliyejiita fundi alijilaza chali chini ya lori kama mjusi aliyekufa, akatazama tone, akalaumu kitu kilicho karibu na tone.

Tukaliendesha mpaka maghalani na kurudi. Tukafungua boneti.

Mstari wa kwanza ulianzia juu kabisa, kwenye kifuniko cha valvu, kona ya nyuma, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Ukashuka nyuma ya injini, ukapita pembeni, ukaenda kudondokea pale pale penye giaboksi. Kelvin alikishika kioo chake cha kunyolea ndevu muda mrefu sana.

"Wikendi tatu," akasema.

"Najua."

"Nilishusha giaboksi zima, Verna."

"Najua, nilikuletea chai."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia nishike tochi vizuri."

Ungedhani hapo tumemaliza. Lakini kioo kiliendelea kutembea. Mbele, kwenye sili ya krenki, mstari. Kwenye kifuniko cha gia za mbele, mstari. Penye pampu ya dizeli, mstari. Hata kile kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimesukumwa juu kikatoka nusu kidole, na shingo yake imelowa. Na huku upande wa rediata, kwenye maungio ya mpira wa maji, ukoko mweupe wa maji yaliyokuwa yakikauka kila siku bila kumwambia mtu.

Kelvin akavua glavu. "Limeoza lote. Tunaziba lipi tuache lipi? Siku sita, Verna. Hata nikilala humu ndani."

Elspeth alitutazama jinsi watu wanavyotazama madaktari wakinong'ona kwenye korido. "Niambieni tu ukweli. Kama halisalimiki, nianze kumtafutia Clem pa kumpeleka kabla ngano haijakauka. Dada yake anamtaka, lakini nyumba ya dada yake ina ngazi kumi na nne."

Nikarudi na kioo kwenye injini. Ila kuna jambo lilinikera. Gasketi na sili haziishi maisha mamoja. Hii ya gome kama la kizibo cha chupa, ile ya mpira, nyingine iliwekwa juzi na Kelvin mwenyewe. Haiwezekani zote ziamue kufa siku moja kama familia iliyokula uyoga. Kitu kinazisukuma, na kinazisukumia kutoka ndani.

Nikawasha injini, nikafungua kile kifuniko cha kumiminia oili, nikakigeuza juu chini nikakilaza tu kwenye tundu lake. Kilicheza kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Kisha kikaruka kikampiga Kelvin kwenye kiwiko.

Kelvin akazima injini. Akatoka nje akaketi kwenye bampa ya gari lake.

"Ringi," akasema, bila kunitazama. "Ringi za pistoni zimekwisha. Pumzi yote ya moto inashukia chini. Hiyo injini ni maiti, Verna. Tulikuwa tunaipaka maiti poda."

Na huenda alikuwa sahihi. Usidhani nilijua. Pistoni zikichoka dalili ni hiyo hiyo, na injini ya namna hiyo haitengenezwi na watu watatu na chupa ya poda ya miguu. Nilisimama pale nikimsikiliza Elspeth akifunga vyombo vya chai kimoja kimoja.

Lakini mimi hulikumbuka kila jambo. Ndiyo maana hampendi nije mikutanoni. Nikakumbuka asubuhi za Julai, baridi ya kukata masikio, lori lile linawaka kwa mguso mmoja. Injini iliyochoka pistoni haiamki hivyo. Inalalamika, inatoa moshi wa bluu, inataka kubembelezwa. Hili moshi wake wa kawaida. Basi pumzi ipo, ya kiasi chake, kama ya injini yoyote. Swali likawa, pumzi hiyo inatakiwa kutokea wapi?

Kila injini ina bomba la kupumulia. Nikaliwekea kidole pale linapoanzia, nyuma ya kifuniko cha valvu, nikalifuata. Linashuka, linapita kando ya chesisi, linaishia nyuma ya madigadi ya kushoto, upande wa ukutani, kwenye ngazi iliyovunjika na maboksi ya taa za Krismasi ambayo klabu ya kriketi iliyaweka "kwa wiki moja" miaka kumi iliyopita. Nikajipenyeza. Nikapapasa mwisho wa bomba nikitafuta tundu.

Hapakuwa na tundu. Palikuwa na udongo.

"Kelvin, njoo."

"Niache."

"Kelvin Pfitzner, njoo na waya wa uzio!"

Nyigu wa udongo. Hakuna mtu hapa asiyewajua. Wanaziba matundu ya funguo, wanaziba midomo ya bomba, wanajenga kwenye mikono ya koti ulilolitundika wiki mbili. Kelvin huyu huyu huvalisha ekzosi ya trekta lake soksi kila majira ya joto. Lakini trekta ni la Kelvin. Lori ni letu sote, ndiyo kusema hakuna aliyelivalisha kitu. Na kwa kuwa tunaliwasha dakika tano kila Jumamosi na kulirudishia kivuli chake, nyigu walipata nyumba tulivu, yenye ulinzi wa serikali.

Kelvin alichokonoa. Likatoka pande la kwanza, gumu kama tofali, na ndani yake buibui wakavu waliopangwa kama dagaa. Akachokonoa tena. Pande la pili. La tatu.

"Hii si nyumba," akasema kwa sauti ya kipumbavu kabisa, "hili ni ghorofa."

Pande la mwisho lilipotoka alituita tuwashe. Nikakilaza tena kile kifuniko juu chini. Kilitetemeka kidogo, kikatulia. Kilikaa pale kama mtoto wa kanisani. Kelvin akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha ghafla.

"Miaka tisa," akasema.

"Saba, labda. Miwili ya kwanza ilikuwa uzembe wa kawaida."

Yaliyobaki yalikuwa kazi tu. Gasketi ya kifuniko cha valvu ilikuwa imeungua ikawa kama biskuti. Mpya ilikuja Jumatano na gari la posta, pamoja na sili ya mbele. Pampu ya dizeli na kifuniko cha gia vilikauka vyenyewe mara tu msukumo ulipoisha. Ule mpira wa maji uliokuwa ukivuja kimya kimya ulihitaji klipu ikazwe nusu mzunguko wa bisibisi. Nusu mzunguko! Elspeth akatoa kichujio chake cha chai cha waya, tukakifunga kwenye mdomo wa bomba la kupumulia: pumzi itoke, nyigu wasiingie. Tukaliendesha maghalani mara nne. Poda ikabaki nyeupe. Alhamisi hatukuliosha. Kelvin alizunguka zunguka na ndoo siku nzima kama mvutaji aliyenyimwa sigara, lakini hakuliosha.

Ijumaa akaja Bwana Ashcombe, mkaguzi, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Kwa haki yake niseme, alifanya kazi. Aliliendesha mwenyewe, akarudi, akatandika kadibodi nyeupe chini ya injini, akasubiri dakika ishirini kwa saa yake. Alipoitoa kadibodi ilikuwa nyeupe vile vile. Aliigeuza upande wa pili, akidhani labda amekosea.

"Niwe mkweli," akasema. "Mwezi huu nimekagua malori kumi na tisa. Hili ndilo kavu kuliko yote."

Kelvin alikuwa amesimama kifua mbele kama bwana harusi. Elspeth akafumba macho, akashusha pumzi. "Kwa hiyo linabaki."

Bwana Ashcombe akagusa gusa kompyuta yake ya mkononi. Akanyoosha mkono kuchukua keki ya tatu.

"Kwa hali hii, mama, lori zuri namna hii ni hasara kulilaza hapa. Limepangwa liende akiba ya wilaya. Watakuja kulichukua Jumanne, saa tatu asubuhi."



"Ngoja," Kelvin akasema. "Likivuja mnalichukua."

"Kanuni za usalama."

"Lisipovuja mnalichukua."

"Hizo ni sababu mbili tofauti kabisa, Bwana Pfitzner," akajibu, na maskini alimaanisha.

"Nani ametia sahihi?" nikauliza.

"Ni mfumo."

"Mfumo unakaa wapi? Nataka kumwandikia."

Hakucheka. Elspeth alisogea, akamtoa ile keki mkononi, akairudisha kwenye bati, akafunika. "Hizi ni za watu wanaokaa hapa," akasema.   Akampa Kelvin bati alishike.

Leo ni Jumapili. Naandika hii nikutumbukizie kwenye sanduku lako la barua kabla hujaamka, ili usiseme hukuambiwa. Sitaki sahihi yako. Ninazo tatu zako kwenye faili, za maombi kwa wilaya ya mwaka elfu mbili na mbili, na kumi na moja, na kumi na tisa, na zote zina mwandiko mzuri. Sitaki uniambie pole unaponikuta dukani. Banda lile limejengwa kwenye kiwanja cha klabu ya kriketi, mlango wake ni mmoja, na mbele ya mlango ni maegesho ya umma ambako mtu yeyote anaruhusiwa kuegesha siku nzima bila kumwomba radhi yeyote. Nimeisoma sheria ndogo ya maegesho. Nimeisoma na ukurasa wa pili.

Kelvin ameshaleta mashine yake ya kuvunia. Ameiegesha mbele ya mlango ule tangu jana jioni, ina upana wa mita kumi na mbili, na funguo anasema hakumbuki ameziweka wapi, ila moto ukizuka atakumbuka. Trekta langu liko kushoto kwake. Kulia pana nafasi ya magari saba, na nyuma pana nafasi ya kijiji kizima.

Leta gari lako. Leta trela, leta lori la kondoo, leta hata lile bovu, tutalivuta. Usingoje Jumanne, kwa sababu Jumanne utaamka na shughuli, nakufahamu. Liegeshe leo, ulifunge, funguo uziweke mfukoni, kisha utembee mpaka kwa Elspeth ukamsaidie kufyeka majani makavu yanayozunguka chumba cha Clem. Umesimama hapo na karatasi hii mkononi unafanya nini? Washa gari.